Omena Haipikwi Ayany

Harufu ya omena, dagaa wa ziwani, ikikaangwa na kitunguu bado hunirudisha mtaani Kisumu Ndogo, kwenye chumba chetu cha mabati ambapo mama aliuza omena mlangoni nasi tukala zilizobaki. Harufu hiyo ililala nasi, ikaenda nasi kanisani, na hakuna aliyeionea aibu kwa sababu ploti nzima ilinuka vivyo hivyo. Ng'ambo ya ua wa michongoma kulikuwa na Ayany, mtaa mdogo wa nyumba za mawe, wenye mageti na maji ya mfereji ndani ya nyumba. Mle aliishi Anti Rispa, dada yake baba.

Anti Rispa aliwahi kulala chumba hicho hicho chetu, nyuma ya pazia, kabla ya kuolewa na karani mmoja na kuhamia huko. Kwake omena haikupikwa kamwe. Majirani wangesema nini? Lakini hamu ilimzidi, na kila Jumamosi alipenya kwenye tundu la ua, akavua viatu, akaketi kitandani petu na kula kwa mkono hadi jasho likamtoka puani. Kisha alijisugua vidole kwa ndimu, akanusa, akasugua tena, ndipo akarudi kuwa mama wa Ayany. Nilimcheka kimoyomoyo, lakini nilimpenda kupita kiasi.

Nilipomaliza darasa la tatu, baba alikosa kazi ya mjengo na masomo yangu yakasimama. Anti Rispa akasema, "Nipeni huyu. Shule zikifunguliwa ataanza pale kwetu, pamoja na wangu." Akanipa sweta ya kijani ya shule hiyo, iliyokuwa imembana binti yake. Nikahamia kwake. Likizo nzima nilifua, nikadeki, nikambeba mgongoni kitinda mimba wake, Brayo, wala sikuona uzito, maana nilidhani hivyo ndivyo mtoto wa nyumba anavyosaidia. Sweta niliifua mwenyewe nikailaza chini ya mto.

Jumatatu ya kufungua shule niliamka kabla ya wote, nikaivaa, nikasimama getini na Anti aliyekuwa akifagia. Jirani mmoja akapita, akanitazama.

"Mama Brayo, haka kasichana ulikatoa wapi? Kanajua kazi, haki."

"Haka? Kametoka ushago juzi tu. Kananisaidia na mtoto." Kisha akanigeukia, sauti ile ile: "Wewe, toa hiyo sweta, utaichafua. Brayo analia."

Ushago! Mashambani wapi, na kwetu kulikuwa ng'ambo ya ua? Ungenyamaza ungemsikia mama akiita wateja. Shule ningeweza kuisahau, lakini kunikana mimi, damu ya kaka yake, mbele ya mtu aliyekuwa akipita tu! Niliivua sweta, nikaitundika kwenye kamba ya nguo, nikapenya tundu lile lile alilolipitia yeye kila Jumamosi.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Jumamosi Anti alikuja kama kawaida, eti ameshangaa nilikoenda. Mama akapakua sahani ikajaa, akaiweka juu ya kigoda nje ya mlango, watu wakipita.

"Ndani kuna joto, Mama Brayo. Leo kula hapa nje."

Anti akaitazama sahani, akaitazama njia, akaondoka bila kuigusa. Mimi nilirudi shule baadaye sana, nikiwa mrefu kuliko wenzangu wote darasani.

Siku hizi mimi ndiye ninayeishi Ayany, kwenye ghorofa zilizopandishwa juu ya nyumba za zamani. Michongoma imeng'olewa, umejengwa ukuta, na omena huuzwa hapo hapo getini. Anti Rispa amezeeka. Hunitembelea baada ya kanisa, na akikutana na majirani zangu hunishika mkono na kuwaambia, "Huyu ni mtoto wangu. Ni mimi nilimlea." Nao humsifu. Hasira hunipanda kana kwamba bado nimesimama pale na sweta mwilini, lakini simkatalii. Humpikia omena, nikafungua madirisha yote, nikakaa mbele yake nikingoja aitaje Jumatatu ile. Yeye hula mpaka sahani ikawa nyeupe, kisha huniomba ndimu.