Maporomoko Mawili na Masikio Yaliyozibwa

Kabla ya siku ninayoikumbuka kufika, mwanangu, mambo yalikuwa hivi. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mwanafunzi wa chuo Thika, niko likizoni nyumbani kwetu Ruiru. Babu mzaa mama alikuwa amezikwa zamani katika mwinuko ulio kati ya mto Chania na mto Thika, pasipo jiwe wala msalaba. Aliyelijua kaburi alibaki mmoja: mjomba Kamande, aliyelichimba akiwa mvulana. Mama, mdogo wake, alikwisha kuchongesha msalaba wa mbao wenye jina la baba yao. Miguu ilimsumbua, kwa hiyo niliagizwa niandamane na mjomba, nijifunze mahali, kisha mvua zikiisha twende sote kwa gari kuusimika. Hilo tu ndilo nililotakiwa kufanya.

Mjomba alishikilia twende kwa miguu, siku mbili, shanta mgongoni, maana alisema anayefikishwa kwa gari hawezi kumfikisha mwingine. Mimi nikapakia redio ndogo ya kaseti yenye visikizi vya masikioni, kanda sita na mawe manane ya redio, yaani betri. Shanta likajaa. Nikaliacha koti la mvua.

Mjomba alitazama nikifunga kamba. “Mwihwa,” akasema, ndivyo tunavyomwita mtoto wa dada, “hii mizigo ni ya harusi ama ni ya safari?”

Nilicheka. Kucheka ni rahisi ukiwa bado mkavu.

Mvua ilitukuta kabla ya mto Ndarugu. Alinivika koti lake, naye akatembea amelowa, akikohoa. Nami, hata leo naona haya kuliandika, nililipokea kwa kuhofia kanda zangu. Tulilala kwa rafiki yake. Asubuhi mawe yalikuwa yamechoka, wimbo unavutika kama mlevi, basi nikayapanga juu ya mwamba yapate jua, kama tulivyofanya wote siku hizo. Mzee akanisubiri karibu saa nzima.

“Hizo mawe zinaota jua kama wazee wa baraza,” alisema. “Na mzee mwenyewe hajakauka.”

Yalipopata nguvu, nikaziba masikio tena. Mchana tukaupanda ule mwinuko. Miti aliyoijua ilikuwa imekatwa, na mibuni ilikuwa imepandwa safu kwa safu, kila mmoja pacha wa mwenzake. Mjomba akasimama. Akafumba macho, akasogea mbele kidogo, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Kisha akaanza kusema, na kunyoosha mkono, na kutembea kwa hatua zilizopimwa. Niliona midomo yake. Wimbo ulikuwa unakaribia mwisho, nami sikutaka uniponyoke. Mshika mawili moja humponyoka, mwanangu, na mpumbavu huchagua kubaki na lile jepesi.

Alipogeuka, nilichomoa kisikizi kimoja.

“Umesikia, mwihwa?”

“Nimesikia, mjomba.”

“Basi nimetua mzigo.”

Kifua chake hakikupona. Alifariki kabla mvua hazijaisha. Zilipoisha, nilimpeleka mama na msalaba wake. Tulipofika kwenye mibuni, alinieleza kile alichopata kukisikia kwa kaka yake: kwamba ni pale maporomoko ya Chania na maporomoko ya Thika yanaposikika kwa nguvu sawa, halafu unageuka, unahesabu hatua.

“Unageukia wapi?” akauliza. “Hatua ngapi?”

Nilisimama, nikafumba macho. Niliyasikia maji yote mawili vizuri sana. Miti imekatwa, mashamba yamegawanywa, lakini maji yalikuwa palepale, yakisema na kila mwenye sikio. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Langu lilikuwa zima, nimeliziba mwenyewe. Mama hakunikemea. Aliketi ukingoni mwa shamba hadi jua likapinda, kisha akaomba turudi.

Nawe, mjukuu wangu, umeniuliza mara ya tatu kama unaweza kubeba spika katika safari yako ya mlimani, “hata ile ndogo, guka, ya kuning'inia kwa mkoba.” Mara ya tatu! Nakujibu kwa mara ya mwisho. Simu beba, kwa ajili ya dharura, na iwe imezimwa. Beba maji, beba koti lako mwenyewe, usije ukavaa la mwenzako. Muziki uache nyumbani, utaukuta ulivyouacha. Njia haikungoji, na anayekuonyesha njia hangoji hata kidogo. Tena usiniambie utapunguza sauti: mimi nilichomoa kisikizi kimoja, na hakikutosha.

Nenda salama, mwanangu. Mola akujalie mwenzi anayeijua njia, na akufungulie masikio angali anasema.

Mama alifariki miaka minne baadaye. Msalaba ule uko nyuma ya mlango wangu hapa Ruiru.