Udongo Mweupe kwenye Gari Jeusi

Kila asubuhi, kabla bomba halijafunguliwa, Saengla alikuwa anaanua vitambaa vyake kwenye kamba na kuvipitisha kimoja kimoja kwenye mdomo wake wa chini. Polepole, upande huu, halafu upande ule. Alisema kiganja cha mwosha magari kimeshakufa ganzi na kitakudanganya, lakini mdomo haudanganyi. Mdomo ukikuta chembe moja ya mchanga, kitambaa hicho kinashushwa cheo siku hiyohiyo. Kinaenda kufuta magurudumu, wala hakipandi tena juu.

Wirot, kijana anayeshika mpira wa kumwagia maji, hakuchoka kumtania.

"Shangazi, ukimaliza kubusu vitambaa, nibakishie na mimi busu moja."

"Wewe una mchanga," Saengla alimjibu. "Wewe ni wa magurudumu."

Banda la Kuang la kuoshea magari liko hapa Lampang, kwenye barabara ya kwenda stesheni, na meza ya mama yangu ya tambi za mchuzi wa nazi imepakana nalo. Katikati kuna ukuta wa mabati usiofika juu, tena una matundu. Kwa hiyo tunasikia yote na tunaona mengi.

Saengla aliosha magari pale miaka kumi na moja. Hakuvaa pete wala saa, na sketi yake aliifunga kwa fundo, maana mkanda una chuma na chuma kinakwaruza. Alianza juu akashuka chini, kwa mistari iliyonyooka, kama mtu anayemchana nywele mtoto ambaye yuko karibu kulia. Ndoo zilikuwa mbili, moja ya povu, moja ya kusuuzia, na ole wako uzichanganye. Magari meupe aliyaosha huku anapiga soga na mama. Likiingia jeusi, ananyamaza.

"Jeupe linakusitiri," alimwambia mama siku moja. "Jeusi linasema kila ulichofanya."

Kuang alimwita Konokono. Alimwita hivyo hata mbele ya wateja, naye akaitika.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya Songkran, sikukuu yetu ya mwaka mpya wa Kithai, Bwana Inthon alikuja kula mezani kwetu. Huyu ana magari manne ya abiria, yote meusi, ya kubeba maharusi na vijana wanaoingia utawa. Alimkuta Saengla anakula, akamwambia anatafuta mtu wa kuyatunza nyumbani kwake. Kazi ya kudumu, chini ya paa, hakuna wa kukuhesabia dakika.

"Baada ya sikukuu nitaleta moja kwa Kuang, uoshe wewe," alisema. "Nikiliangalia juani nikaridhika, dada, tutaongea."

Alipoondoka, bakuli la Saengla lilikuwa na tambi nusu. Hakulimaliza. Alimshika mama mkono, akamwambia, "Dada, magari manne meusi," kama vile ametajiwa watoto wanne.

Songkran ikaja. Siku tatu watu wakamwagiana maji na kupakana udongo mweupe, nyuso, mikono, na kila gari lililopita barabarani. Siku ya nne udongo ulikuwa umekauka na foleni ya Kuang imefika kwa kinyozi. Udongo ule ukiwa umelowa ni laini kama uji. Ukikauka ni msasa.

Gari la Bwana Inthon lilikuwa la pili. Lilikuwa limefuata maandamano ya sanamu za hekalu, na watoto walikuwa wamelipiga viganja kila mahali, viganja vidogo vyeupe toka boneti hadi mlango wa nyuma. Bwana Inthon alishuka, akamwinamia Saengla kidogo na viganja vimekutana kifuani, akaenda zake kunyoa.

Saengla alilimwagia maji kutoka juu. Halafu akachukua vitambaa vizito, akavilowesha chapachapa, akavilaza juu ya boneti na milango ya mbele. Kisha akakaa kwenye kigoda.

Kuang alitoka ofisini kama nyigu.

"Dada! Gari lina homa? Mbona unalikanda?"

"Udongo unywe maji kwanza, bosi. Ukisugua mkavu umelichubua."

"Nyuma yako kuna magari tisa. Na yenyewe yana homa?"

"Yana," alisema Saengla. "Ila hilo jekundu lina mafua tu."

Watu kwenye foleni walicheka, na hapo Kuang akakasirika kweli. Akamwamuru Wirot akamsaidie Konokono, upesi. Wirot si mtu mbaya. Alizunguka nyuma ambako vitambaa vilikuwa havijafika na maji yalikuwa yameshakauka kwa joto, akaviona vile viganja vyeupe, akachukua taulo kavu, akafuta kwa nguvu zake zote, duara juu ya duara. Saengla alikuwa mbele anasuuza boneti. Nilimwona akiinua kichwa. Alikuwa ameisikia ile sauti, kama mtu anasugua sufuria.

"Wirot, acha!"

Aliacha, lakini mlango ulikuwa umeshaliwa. Jua lilipoupiga, mikwaruzo ilionekana imezungukana kama utando wa buibui, kutoka kishikio mpaka chini.

"Nilitaka nikusaidie, shangazi," alisema Wirot. Uso ulikuwa umemshuka.

"Najua, mwanangu. Weka hiyo taulo chini."

Saengla akamaliza sehemu yote ya gari iliyobaki kwa mwendo wake uleule. Kuang akaja na chupa ya mafuta ya kung'arishia.

"Paka pale mlangoni. Litang'aa wiki nzima. Yakija kutoka, mikwaruzo imetokea kwake, sio kwetu."

Saengla aliishika ile chupa. Upande wetu mama aliacha kukata vitunguu. Mama na mimi tulijua kilichokuwa kwenye chupa ile. Akipaka, Bwana Inthon ataridhika na magari manne ni yake. Asipopaka, ameosha magari miaka kumi na moja na siku aliyoingoja imeharibika kwa taulo ya mtu mwingine.

"Paka, dada," Kuang alishusha sauti. "Juzi tu, kwa desturi ya sikukuu, ulinimwagia maji ya manukato mikononi, ukaomba nikusamehe makosa ya mwaka mzima. Nikakusamehe yote. Mikono hata haijakauka, umeshaanza ubishi?"

"Niliyokukosea wewe umenisamehe, bosi. Hili ni la huyu bwana. Huwezi kunisamehe kwa niaba yake."

"Haya. Mwonyeshe! Ila ukimwonyesha, kesho usikanyage hapa."

Bwana Inthon alirudi shingo imejaa poda ya kinyozi. Gari lilikuwa limevutwa juani. Aliiangalia boneti, akainama, akachungulia ubavuni, akacheka. "Naona mpaka jino langu bovu," alisema. Alikuwa hajafika nyuma. Alishaanza kutafuta funguo mfukoni.

"Bwana," Saengla alisema, "njoo huku nyuma."

Akamwonyesha. Alimwambia achuchumae ili mwanga uingie vizuri. "Hii ni yetu. Taulo kavu juu ya udongo. Gari halikuja nayo."

"Ni kivuli tu hicho," alisema Kuang.

"Ni mimi," alisema Wirot.

Bwana Inthon alipitisha ukucha juu ya mlango, kutoka kishikio mpaka chini. Honi ililia kwenye foleni, hakuna aliyegeuka.

"Itatoka?"

"Haijaingia ndani. Itatoka kwa mkono, na dawa laini, kipande kidogo kidogo. Siku mbili. Ila siyo hapa, hapa kuna vumbi."

"Nimeshabadilisha waosha magari watano," alisema Bwana Inthon akinyanyuka, magoti yakilia. "Wote watano waliniapia kwamba mikwaruzo nimekuja nayo. Wa tano alisema ni paka." Akajifuta poda shingoni. "Kwangu hakuna vumbi. Anza na mlango huu, dada. Mengine matatu yatakusubiri."

"Hapana, bwana, hapana!" Kuang aliruka. "Huyu ni mfanyakazi wangu!"

Mama alipanda juu ya kreti la soda, kichwa kikatokeza juu ya mabati. "Si umemfukuza sasa hivi? Tumekusikia mpaka sisi wa tambi!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hata Wirot.

Bwana Inthon akafungua mlango wa abiria. Saengla alijitazama, sketi inachuruzika maji, akakataa kupanda. Alisema hawezi kuanza kazi kwa kulowesha kiti, na nyumba anaijua, ni ng'ambo ya daraja, atatembea. Gari likatangulia polepole.

Alitoka bandani kwa miguu, katikati ya magari yenye viganja vyeupe, akapita meza yetu, akambana mama shavu, akaenda. Kuang alituambia atarudi kabla ya saa kumi, wote huwa wanarudi.

Hakurudi.