Kaunta Buku Thelathini na Moja

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Anko Ombui alikuwa anauliza swali moja tu.

"Leo tumuue nani?"

Anti Edinah alimjibu bila kuinua kichwa, akipuliza moto. "Muue huyu wa maziwa. Jana ameweka maji tena."

"Huyo nilimuua mwezi wa pili."

"Basi muue ndugu yake."

Anko aliandika jina kwenye kiganja kwa kalamu, ndipo akaenda kunawa. Kama maji yamefuta jina, huyo mtu amepona hiyo siku.

Ombui ni ndugu ya mama yangu, na nimekaa kwake tangu niache shule. Kazi yake ilikuwa ukarani kwenye kituo cha kupimia majani chai, hapa chini ya Kebirigo. Asubuhi alipima majani, mchana alipima watu shingo. Kwa miaka kumi na tisa aliandika hadithi hamsini na mbili za mauaji, na katika zote hakuna mtu aliyekufa kwa malaria.

Ya kwanza iliitwa *Maiti Chini ya Mizani*. Ilihusu karani wa majani chai aliyekutwa amekufa chini ya mizani yake mwenyewe, amejazwa majani mdomoni. Wakati huo kituo kilikuwa na karani mwingine, na Anko alikuwa mtu wa kubeba magunia tu. Karani akaisoma. Akaisoma tena. Mwezi ulipoisha akaomba uhamisho, na Anko akapewa ile kazi. Ndiyo maana alipenda kusema kwamba vitabu vimemlisha.

Mpelelezi wake alikuwa ni mmoja, Inspekta Mang'era, mtu mrefu wa kula ndizi. Katika kitabu cha tisa Inspekta aligongwa na lori la mawe akafa na kuzikwa. Katika cha kumi yuko kazini. Watu wakauliza imekuwaje. Anko akasema, "Alipona."

Vitabu vilichapwa Kebirigo, kwa duka la Gulled la vifaa vya shule. Binti yake Ilwad ndiye alikuwa anapiga chapa kwenye kompyuta, anatoa kopi, anabana na pini, basi ni kitabu. Huyo Ilwad alikuwa hamwogopi Anko hata kidogo.

"Anko, huyu mtu umemuua ukurasa wa kumi. Hapa ukurasa wa thelathini anakunywa chai."

"Ni chai ya mwisho."

"Ya mwisho baada ya kufa?"

"Wewe piga chapa, mama. Wasomaji wangu si watu wa kuhesabu kurasa."

Na kweli hawakuwa. Sokoni walichotaka kujua ni nani amekufa safari hii, kwa sababu Anko alikuwa hajui kubuni watu. Aliyemkosea Jumatatu alikuwa maiti Ijumaa, na jina limebadilishwa herufi mbili tu. Mwenye bucha alimpa mifupa mitupu, akakatwa na shoka lake mwenyewe. Mwanzoni watu walikasirika. Baadaye ikawa heshima. Mama Bitutu, anayeuza ndizi karibu na stendi, aliuawa mara tatu, na alikuwa anawatambia wenzake wazi.

"Mimi nimenyongwa, nimetiwa sumu, nimesukumwa kwa mto. Wewe hata kofi hujapigwa!"

Shida ya Anko ilikuwa karatasi. Macho yake hayakuwa mazuri, kwa hivyo aliandika herufi kubwa kama za kibao cha duka. Tena aliandika ukurasa wa kulia peke yake. Wa kushoto aliuacha mweupe, akisema ni wa mashahidi, wakitokea baadaye wapate mahali pa kukaa. Hadithi moja ilikula kaunta buku tatu nzima, yale madaftari manene. Za kituo cha majani hangeweza kugusa kwa sababu kila karatasi ina namba.

Sasa Anko alikuwa karani wa kanisa pia. Na kanisa letu lilikuwa limeletewa kaunta buku arobaini na wageni fulani, zenye majalada magumu, za masomo ya watoto wa Sabato. Ziliwekwa stoo, rafu ya juu, zikingoja mtu wa kupanga hayo masomo. Hakuna aliyepanga. Miaka miwili baadaye mama anayefundisha watoto akafunguliwa stoo achukue kumi, akakuta tisa.

Anko angenilaumu kwa kusema mapema hivi, lakini aliyezichukua ni yeye. Zilikuwa chini ya kitanda chake. Zile karatasi za kwanza zenye muhuri wa kanisa, Anti Edinah aliwashia moto, moja moja.

Stoo ilikuwa na funguo tatu. Moja ya Mzee Nyasani, mzee wa kanisa. Moja ya Phanice, kiongozi wa akina mama. Moja ya Mose, mlinzi, anayefagia. Mose alikaa na mke na watoto watatu kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, na hicho chumba ndicho kilikuwa mshahara wake karibu wote. Mzee Nyasani alipoitisha mkutano, hazikupita hata dakika tano watu wote wakawa wanamwangalia Mose.

"Mimi sijachukua," Mose akasema. "Funguo yangu hata karani huwa anaiomba."

"Karani anaiomba kwa kazi ya kanisa!" mtu akapiga kelele. "Usichafue mtu wa watu!"

Anko alikuwa pale pale, kiti cha mbele. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wakakata maneno kwamba Mose ahame Sabato ijayo na watoto wake, isipokuwa mwizi mwingine apatikane. Mzee Nyasani akamgeukia Anko, na akasema kwa heshima kabisa, "Karani, wewe umekamata wauaji hamsini na mbili. Huyu mwizi wa kaunta buku ni nini kwako? Tupe jina, tufunge hii maneno kwa haki."

Watu wakapiga makofi. Anko akasimama akainama kidogo, kama bwana harusi.

Tulipofika nyumbani Anti Edinah hakungoja hata avue koti.

"Haya. Utamtaja nani?"

"Nitafikiria."

"Rudisha vitabu, useme uliazima."

"Nirudishe vikiwa na maiti kumi ndani? Wewe unataka watoto wa Sabato wasome *Kisu cha Ndizi*?"

Wiki nzima akaandika. Alitafuta mwizi kama vile alivyokuwa anatafuta muuaji, kwa kalamu, na kila jioni alitusomea tukila. Jumatatu mwizi alikuwa ni jambazi kutoka Birongo.

"Aliingilia wapi?" Anti akauliza.

"Dirishani."

"Dirisha lina vyuma."

"Alivikata."

"Vyuma viko. Nimeviona leo nikienda kisimani."

Anko akakunja karatasi. Jumanne alijaribu panya. Panya wakala kaunta buku thelathini na moja na majalada yake. Anti alicheka mpaka akamwaga mboga. Jumatano hakusoma kitu. Alhamisi akasoma, na mwizi alikuwa Mose.

Hapo Anti hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Ana watoto watatu, Ombui."

"Ni hadithi tu najaribu."

"Mose si hadithi. Mose ndiye alikubeba mgongoni ulipovunjika mguu."

Ijumaa alienda Kebirigo kumwona Ilwad, na mimi nikaenda naye kubeba mchele. Alimpa zile karatasi kama hadithi mpya, majina yamebadilishwa. Ilwad akazisoma akiwa amesimama, kitambaa chake kimemwangukia usoni, na babake Gulled anauza madaftari pembeni.

"Anko, hii ni mbaya."

"Mbaya aje?"

"Mlinzi ndiye mwizi? Hiyo ndiyo umeandika kurasa ishirini? Mlinzi hajui kusoma, umesema mwenyewe hapa. Kaunta buku atapeleka wapi? Msomaji atakurushia hiki kitabu kichwani."

"Msomaji hataona."

"Msomaji ataona. Alikubali yule mtu wa chai kwa sababu hakuna aliyeumia. Hapa unamfukuza mtu nyumbani kwake." Akageuza ukurasa. "Kwanza kila kitu umeshakiweka. Funguo anaomba nani? Karatasi anahitaji nani? Mwizi ni huyu karani. Mbona umemwachilia?"

Anko alichukua karatasi zake akazikunja mara nne. Tulipofika kwenye majani chai akasema, si kwangu, kwa hewa tu, "Msichana ana akili mbaya sana."

Sabato mchana kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Watu walikuja hata kutoka Ekerenyo, wengine hata si washiriki. Mama Bitutu aliketi mbele kabisa na kikapu cha ndizi magotini. Mose alikuwa kwenye ukuta wa nyuma, mtoto mdogo mkononi, na mkewe alikuwa ameshafunga magodoro kwa kamba, yanaonekana kupitia mlangoni.

Anko alianza kutembea. Huku na huku, mikono nyuma. Inspekta Mang'era kamili.

"Tuanze na Mzee Nyasani."

"Mimi?"

"Kila mtu ni mshukiwa, Mzee. Kaa chini."

"Eeeh!" Mama Bitutu akasema. "Ni kama kitabu!"

"Mzee ana funguo. Lakini kaunta buku zilikuwa rafu ya juu, na Mzee tangu aumie nyonga hapandi hata kiti. Mzee, panda hicho kiti."

"Sipandi."

"Mmeona." Akageuka. "Dada Phanice ana funguo. Lakini Dada Phanice anaogopa panya, na haingii hiyo stoo bila kina mama sita wa kumsindikiza. Mnataka kuniambia waliiba wote saba, na hakuna aliyemwambia jirani?"

Kina mama wenyewe ndio walicheka zaidi.

"Sasa Mose." Nilimwona Anti Edinah ameshika ukingo wa benchi. Kule kwenye koti la Anko zilikuwepo zile kurasa ishirini, nilijua, na alipitisha mkono juu ya mfuko huo. Hakuzitoa.

"Mose hajui kuandika. Mnasema ameuza. Nimeuliza maduka yote, hapa mpaka Ekerenyo. Hakuna aliyenunua hata moja."

"Amefungia njugu!" mtu wa nyuma akasema.

"Nimekula njugu za soko hili miaka ishirini. Sijawahi kufungiwa kwa karatasi nzuri namna hiyo. Na rafu ina vumbi, hapa jingi, hapa kidogo, nimeiangalia. Vitabu vilitoka vitatu, halafu vitatu, halafu vitatu. Mwizi wa kuuza anabeba gunia. Huyu alikuwa anachukua kama mtu anayekwenda kuchota maji, anayotumia leo."

Alikuwa ameshika moto sasa. Sijawahi kumsikia hivyo, na nimezisikia zote hamsini na mbili. Hakuna mtu aliyekufa halafu akanywa chai. Kila kitu kilikaa mahali pake.

"Kwa hivyo kuna mtu wa nne. Hana funguo, lakini Mose anampa yake bila kumuuliza, kwa sababu ya heshima. Anatoka na mkoba na hakuna anayeuangalia. Anamaliza karatasi kuliko shule ya msingi. Na Mose aliposimamishwa hapa Sabato iliyopita, yeye alikaa kiti kile, akanyamaza."

Akasimama. Amemaliza.

Mama Bitutu akaanza kupiga makofi, na kanisa lote likamfuata. "Hii imeshinda *Kisu cha Ndizi*!" akapiga kelele. "Sasa tuambie jina, karani! Ni nani?"

Mzee Nyasani peke yake hakupiga makofi. Alingoja yaishe.

"Karani," akasema polepole. "Ziko wapi?"

"Chini ya kitanda, Mzee. Lakini zimejaa."

"Zimejaa nini?"

"Watu waliokufa."

Makofi ya mwisho mwisho yalikuwa bado yanatoka kwa watoto. Mama zao wakawashika mikono. Mama Bitutu alifungua mdomo akaufunga, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona.

Anko akachukua kofia yake mezani. Alipita katikati ya viti mpaka nyuma, akasimama mbele ya Mose. Nilifikiri atasema kitu kirefu. Alisema, "Fungua hayo magodoro." Mose akamwangalia tu, akahamisha mtoto bega la pili.

"Unaenda wapi?" Anti Edinah akamwuliza kutoka kwenye benchi lake, si kwa sauti kubwa.

"Hapo nje kidogo."

Wengine walidhani anaenda kuleta vitabu, kwa hivyo waliketi wakingoja. Mimi nilikuwa upande wa dirisha. Alivuka uwanja akapita kisima, akashika njia ya katikati ya majani chai mpaka barabarani. Boda mmoja alisimama, wakaongea, boda akaenda bila yeye. Nyumbani ni kugeuka kushoto. Yeye aligeuka kulia, akitembea upesi, mikono nyuma, na kwenye ile kona yenye mikaratusi sikumwona tena.

Hiyo ni miezi minane sasa, na hajarudi. Anti Edinah alimwekea ugali siku tatu, ameufunika na sahani. Siku ya nne akanipa mimi.