Povu Kwenye Kioo cha Boila

Mpaka leo sivumilii harufu ya tope la moto. Wenzangu wa chuo waliisifu harufu ya mvua ya kwanza juu ya lami. Mimi nilitema mate.

Nilikuwa na miaka kumi. Papa, baba yangu, alitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale kila Jumatatu kwenda Ruti, pembeni mwa Mbarara, kuwasha boila la kiwanda kidogo cha maziwa, na likizo moja akanichukua. Mvuke wa boila ulisafisha mikebe ya maziwa iliyopinduliwa juu ya bomba. Maji safi yalikuwa ya kulipia, ya kinamasi ya bure. Tajiri, mwenye kiwanda, alichagua kinamasi.

Kwenye kioo cha kupimia maji niliona povu la kahawia likirukaruka kama uji unaotaka kufurika. Papa alinieleza kwamba tope linalotuama chini ya boila lisipomwagwa kila asubuhi, povu hupanda pamoja na mvuke, na uchafu huishia kwenye mikebe.

“Patron, tumwage kidogo,” alimsihi tajiri. “Maji iko na povu mingi.”

“Ukimwaga maji moto, unamwaga kuni yangu! Wee mzee, maji ni maji. Leta mvuke.”

Nilichungulia mkebe mmoja uliokwisha “kusafishwa”. Ndani kulikuwa na utelezi wa kahawia, na harufu ya vyura waliooza. Papa akanivuta sikio. “Weye, ile maziwa usiguse. Hata tone.”

Siku hiyohiyo akaja mama mmoja wa Kaberebere, mtoto mgongoni, debe mkononi. Akanusa, akakunja uso. “Hii maziwa mbona inanuka kama shimo?”

“Uliza fundi,” tajiri akasema, akimtazama papa. “Kama ni mbaya, aseme. Mafundi wengine wako wengi.”

Nilingoja papa aseme. Alichota kikombe, akanywa chote, akafuta midomo kwa mkono. “Iko muzuri, mama.”

Mama akajaza debe, akaondoka. Mimi nikatapika nyuma ya rundo la kuni, bila kuonja chochote.

Chuoni walinifundisha maji ya boila kwa muhula mzima, na sikupata jipya: papa alikwisha kunieleza. Shangazi zangu hunituliza kwa methali, mtumikie kafiri upate mradi wako. Ni kweli, alikunywa ili tule, na tulikula. Hilo nililielewa ukubwani. Lakini mimi alinikataza hata tone, na papa huyohuyo akamwachia mtoto wa yule mama debe zima.