Uji kwenye rejeta

Jamani, leo fundi kakuta uji kwenye rejeta ya gari yangu.

Uji!

Tangu asubuhi gari inachemka. Nashuka, naongeza maji, napanda, nashuka tena. Nafika kwa fundi pale Masumbwe sina hata nguvu ya kuitikia shikamoo.

Gari ilipopoa, fundi akafungua mfuniko, akachovya kidole, akanusa.

"Mama, nani katia unga wa muhogo humu? Umeziba njia zote za maji."

Nikampigia mume wangu.

"Ni mimi. Ilikuwa inavuja, nikaziba tundu." Bila aibu! "Mwambie asiutoe wote."

Fundi kacheka mpaka kakaa chini. Mimi nilishakaa zamani.

Na huyu baba, wenzangu, hajawahi kumkorogea mtoto uji hata siku moja.