Farasi wa Kujifunzia

Wiki iliyopita mwenzangu wa kazini alinitumia picha za farasi wawili. Bintiye anataka kujifunza kupanda, na kwa kuwa niliwahi kutaja kwamba babu yangu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, aliniuliza amchagulie yupi. Niliandika jibu refu, nikalifuta, nikaandika jingine. Mpaka leo sijalituma. Unanijua, hata kununua viatu hunichukua wiki nzima.

Babu alifanya kazi kwenye mazizi yaliyokuwa ng'ambo ya Barabara ya Ngong, si mbali na nyumba yetu ya kupanga Mashimoni, Kibera. Alikuja Nairobi kutoka Kitui akiwa hajawahi kugusa farasi, akazeeka akinuka farasi. Nyanya alimtengea maji ya kunawa nje, asiingie ndani hivyohivyo. Lakini sisi watoto wa masaisi hatukupanda. Haikuwa sheria, ilikuwa desturi tu. Tulijua kusugua, kuchota maji na kuzoa mavi. Kupanda kulikuwa kwa watoto walioletwa kwa gari Jumamosi.

Kisha ukaja uchaguzi wa 2007, na baada yake Januari ile ya ghasia. Mama alikuwa Kongo, mtaa wa huko Kawangware, alikokuwa akifulia watu nguo, na njia ilikuwa imefungwa. Nyumba mbili za ploti yetu zilipochomwa, Babu alituchukua mimi na Nyanya, tukahamia chumba cha matandiko kule mazizini. Nakumbuka harufu ya ngozi na mafuta, muthokoi wa Nyanya, mahindi yaliyokobolewa, ukitokota kwenye jiko la makaa, na milio ya risasi kutoka Kibera ambayo baada ya siku kadhaa tuliacha kuigeukia.

Jumamosi zikapita bila watoto. Nyasi kavu zilikuwa zikiletwa kutoka Naivasha, na lori halikuweza kupita. Mwenye mazizi, mama aliyezungumza na watu huku akiangalia saa yake, alimwambia Babu kwamba kati ya farasi wawili wa wanafunzi angeweza kulisha mmoja tu. Babu achague. Mwingine angeachiwa daktari wa mifugo, na sote tulijua kwamba daktari hangekuja kumtibu.

Mmoja alikuwa jike mweupe, mzee, mdomo wa chini umelegea kama mtu aliyesinzia kanisani. Mwingine alikuwa wa kahawia, shingo ndefu, manyoya yanang'aa hata bila kusuguliwa. Huyo ndiye aliyekuwa akinipulizia pumzi shingoni kila asubuhi. Nilikuwa na miaka tisa. Sikuona kuna la kuchagua.

Babu alikuwa na msemo wake: farasi wa mwanafunzi hachaguliwi akiwa zizini, huchaguliwa mwanafunzi akiwa mgongoni. Na mwanafunzi hakuwepo. Akanitazama, akanipandisha.

Saisi mwenzake, mtu wa kutoka upande wa ziwa aliyekuwa amehamia pale na godoro lake kama sisi, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kutuangalia. Nilianza na mweupe. Tulizunguka uwanja mara mbili. Mlio mkubwa ukatoka Kibera. Jike akainua kichwa, akanigeuzia sikio moja, akaendelea na safari yake.

"Huyo hata bomu likianguka ataulizia chai," yule saisi akasema.

Kisha wa kahawia. Alitembea vizuri, nakuapia. Mlio wa pili ulipokuja aliruka hatua moja tu pembeni, akasimama. Babu hakumwangalia hata kidogo. Alikuwa akiniangalia mimi.

"Mzee, unapima farasi ama unapima mtoto?" yule saisi akauliza.

Babu alikuja akasimama kando ya goti langu. "Umeogopa?"

"Sijaogopa."

Akanifungua vidole kimoja kimoja kutoka kwenye hatamu. Viganjani mlikuwa na mistari miwili myekundu, imezama.

"Farasi hana makosa," akasema. "Lakini mtoto hudanganya kwa mdomo. Mikono haijajifunza."

Jike mweupe akabaki. Daktari alikuja Alhamisi. Nyanya alinipeleka nyuma ya ghala, akanipa mahindi nipukuchue, akaanza kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. Lori la nyasi lilifika wiki iliyofuata.

Siku hizi mazizi yale hayapo, pamejengwa ukuta, na sijui masaisi walitawanyikia wapi. Mweupe alibeba watoto wa watu miaka mingine minne bila kumwangusha hata mmoja, kwa hiyo Babu alichagua sawasawa. Sibishani na hilo. Babu mwenyewe tulimzika Kitui nikiwa chuoni, na kuna jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia, kwa kuwa lilinichukua miaka kulijua.

Sikumdanganya. Sikumwogopa yule farasi hata dakika moja. Nilikaza mikono kwa sababu nilitaka sana abaki.