Msamaha Alioukataa Fundi Viatu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya serikali pale Arusha, Bwana Mganga, Mwingereza, alinikabidhi mkasi na bandeji. "Wewe dresa sasa," akasema. "Safisha kidonda, funga, nyamaza."

Kufunga vidonda ndiyo kazi ya dresa, hilo nililijua. Sikujua kwamba ningewaingiza pia vilema chumbani kwa Bwana Mganga kupimwa. Aliyepewa cheti alisamehewa kodi ya kichwa na kutibiwa bure. Katika enzi zile za Waingereza, nani angeikataa neema kama hiyo?

Kumbe! Loishiye, fundi viatu wa Kijenge aliyekuwa na mguu mmoja, alikuja akakibwaga cheti chake mezani.

"Dresa, kifuteni. Nimeposa kule Moshono. Mzee anasema hampi binti yake mtu asiyelipa kodi. Eti serikali yenyewe imenihesabu na watoto."

Nilimwingiza kwa Bwana Mganga, nikaeleza. Bwana Mganga alicheka hadi akavua miwani. "Mimi hapana weza kuandika mguu imeota tena!" Akatutuma kwa Bwana Shauri, ofisa wa wilaya aliyeamua mambo ya kodi. Huyo hakucheka.

"Anayelipa kodi atalipa na dawa. Msamaha ni mmoja. Chagua."

Loishiye akachagua kodi. Nilichemka kwa hasira, lakini dresa ni nani mbele ya Bwana Shauri? Arusi ikafanyika, na nyama nikala.

Mvua za masika zilizofuata, kigutu chake kilichubuliwa na mguu wa mti. Hakuja. Alipoletwa kwa machela, harufu ilimtangulia mlangoni.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?" nikamfokea.

"Ningekuja na nini, dresa? Kodi imenimaliza."

Bwana Mganga alikata tena, juu zaidi, lakini sumu ilikwisha kupanda. Loishiye hakuamka.

Nimestaafu zamani. Siku hizi vijana hunieleza haki za wenye ulemavu, nafuu ya matibabu na mengineyo, kisha wananiambia wapo wanaoona haya kuzidai. Namwona mke wa Loishiye akiwa amesimama mlangoni mwa wodi, machozi bado hayajamtoka.

"Dresa," aliniambia, "mimi ningeolewa naye na cheti chake. Hakuna aliyeniuliza."